Kutoka Mwamba wa Tororo hadi Wagagai: kupanda Mlima Elgon kwa ngazi nne

Ukishuka kwenye taksi hapa Mbale alfajiri, kabla mawingu hayajakaa, utaiona Wanale kabla hujaona kitu kingine. Ni ukuta wa mwamba uliosimama juu ya mji, na wakati wa mvua maji meupe yananing'inia juu yake kama nyuzi. Nimeishi miaka mingi chini ya ukuta huo, na nimewauliza wauza duka, walimu na vijana wa boda: umewahi kufika juu? Wengi hawajawahi. Wanasema huko ni kwa wazungu na kwa wenye shamba huko. Halafu siku moja kijana anapata hamu, anaruka moja kwa moja hadi Wagagai, kilele cha Mlima Elgon, mita 4,321, akiwa na raba za kuchezea mpira. Siku ya pili anatapika, anashushwa, na anaapa hatarudi tena.

Namwandikia huyo kijana, na dada yake pia. Mlima Elgon, ambao Wamasaba, yaani Wagisu, wanauita Masaba kwa jina la babu yao, unapandika na mtu wa kawaida mwenye kazi ya kawaida. Hauhitaji kamba wala shoka la barafu. Unachohitaji ni kuuendea kwa ngazi. Mimi natumia ngazi nne, zote huku mashariki mwa Uganda: Mwamba wa Tororo kwa ajili ya miguu, Wanale kwa ajili ya saa, Sipi na pango la Tutum kwa ajili ya usiku, kisha Wagagai. Miezi mitatu inatosha ukiwa na Jumamosi zako huru.

Chagua mwezi kabla ya kuchagua viatu

Elgon ni mlima wa mvua. Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Juni na Julai ni nafasi ya pili, ila jiandae kulowa mchana. Aprili na Mei kaa nyumbani. Septemba hadi Novemba mimi siwapeleki watu, hata wakinibembeleza.

Matope si sababu kubwa. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulimeguka Nametsi, huko Bududa, ukafunika nyumba na watu waliokuwamo. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale na kuchukua watu. Novemba 2024 udongo ulishuka Bulambuli. Udongo wa hapa ni mzito, umekaa juu ya miteremko mikali, na ukinyweshwa siku kadhaa mfululizo unaachia. Njia utakayoikanyaga imechimbwa kwenye miteremko hiyo hiyo. Kanuni yangu ni hii: ikinyesha usiku mitatu mfululizo, safari inaahirishwa, hata kama pesa ya gari imeshalipwa.

Angalia pia mwaka wenyewe. Mwaka shufwa, kuanzia Agosti, ni mwaka wa imbalu, na Wagisu wanawatahiri vijana wao. Barabara zinajaa wachezaji, na wapagazi unaowategemea wako kwenye sherehe za ndugu zao, mahali panapowastahili. Ukikutana na kundi njiani, simama kando, lipite. Usimpige mtahiriwa picha bila kuomba ruhusa kwa watu wake.

Ngazi ya kwanza: Mwamba wa Tororo

Mwamba huu ni koo la volkano ya kale. Mlima uliokuwa umeuzunguka umeliwa na mvua, koo likabaki limesimama peke yake katikati ya mji, mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa kawaida anafika juu kwa muda wa kama saa moja. Sehemu zenye ukali zimewekwa ngazi za chuma. Ukiwa juu unaona Kenya upande mmoja na tambarare ya Bukedi upande mwingine. Ulizia chini ni nani anayetoa ruhusa kabla hujaanza kupanda.

Usipande mikono mitupu. Jaza chupa tano za lita moja na nusu, zitie kwenye begi lako. Hizo ni kilo saba na nusu, karibu uzito utakaobeba siku ya kwanza ya safari kubwa. Panda nazo na ushuke nazo. Wengi wanadhani kupanda ndiko kunakoumiza. Kupanda kunachosha tu. Kinachoumiza magoti ni kushuka, na hilo utalijua kesho yake unapojaribu kuketi.

Mwendo uwe mdogo. Piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo mzima, na uongee na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, unakwenda mbio kuliko uwezo wako. Hapa ndipo pa kuvizoea viatu: buti lenye meno, linalofunika kifundo cha mguu, limeshavaliwa wiki kadhaa. Kata kucha za miguu fupi kabisa, kwa maana wakati wa kushuka vidole vinasukumwa mbele, na kucha ndefu inang'oka. Wapagazi wa Budadiri, mji ambako safari ya Wagagai huanzia, wanapanda na gambuti, nao hawateleziki, lakini miguu yao imezizoea tangu utotoni. Usiwaige siku ya kwanza.

Rudia Tororo Jumamosi tatu. Mara ya tatu, kama Jumapili yake unaweza kwenda sokoni bila kuchechemea, endelea.

Ngazi ya pili: Wanale, na hesabu ya saa

Kuna barabara ya kupandia Wanale ambayo boda zinapita, na kuna vijia vya miguu vinavyopanda ukuta wenyewe, ambavyo akina mama wanavishuka asubuhi wakiwa na matoke na kabichi kichwani kuleta sokoni Mbale. Fuata vijia, lakini ukiwa na mtu wa huko juu, kwa sababu vinagawanyika na vingine vinaishia kwenye genge. Mgongo wa Wanale unapita mita 2,000, na sehemu yake imo ndani ya hifadhi ya taifa. Ukitaka kuingia huko, pitia kwanza ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, hapa Mbale.

Wanale ndiyo iliyonifundisha saa. Nilipanda mara ya kwanza na binamu zangu wawili. Tuliondoka saa tano mchana baada ya chai, tukafika saa tisa, tukakaa juu tukitafuta mapaa ya nyumba zetu kule chini. Jua lilituchwea tukiwa bado kwenye miamba. Hapa saa moja na nusu jioni giza limeshakamilika, hakuna jioni ndefu. Tulikuwa na tochi ya simu moja, na haikumaliza nusu saa. Tulishuka tukiwa tumekalia matako, tukipapasa jiwe baada ya jiwe, mpaka mama mmoja aliyekuwa anarudi kwake na kitochi akatukuta, akageuka, akatushusha mpaka kwenye shamba la kahawa.

"Wanangu, mlipanda saa ngapi?"

"Saa tano, mama."

"Saa tano mimi nilikuwa nimeshauza kabichi zote."

Tangu siku hiyo nahesabu hivi. Kwa kila mita 300 za kupanda na mzigo, weka saa moja. Kwa kila kilomita nne za njia, ongeza saa moja. Kushuka kunakula karibu theluthi mbili za muda wa kupanda, siyo nusu kama watu wanavyodhani. Jumlisha, halafu ongeza saa moja ya kupotea, kufunga kamba za viatu na kungoja mwenzio. Ukishapata jumla, hesabu kurudi nyuma kutoka saa kumi jioni, na hapo ndipo utakapoijua saa ya kuondoka. Mara nyingi itakuwa saa kumi na mbili asubuhi au kabla yake.

Weka pia saa ya kugeuka. Yangu ni saa sita mchana. Ikifika saa sita, popote tulipo, tunageuka, hata kama kilele kinaonekana. Mawingu kwenye Elgon hukusanyika kuanzia hapo, na radi na mvua ya mawe hupiga alasiri. Wenzangu tunaoswali pamoja tumeona hesabu hii inatufaa: tukishageuka, tunatafuta mahali tambarare palipojikinga na upepo, tunaswali Adhuhuri, tunakula, tunashuka.

Saa zenyewe zisikufanye uwapite watu kama miti. Njia ya Wanale inakatiza nyua za watu. Sema "mulembe" kwa kila unayemkuta, wataitikia "mulembe", na safari yako itakuwa na walinzi ambao hukuwalipa. Mzee akiwa ameketi nje, simama: "Habari ya asubuhi, mzee. Tunaomba kupita." Mara mbili mzee wa namna hiyo amenieleza kuwa njia ya mbele imekatika, jambo ambalo ramani ya simu haikujua.

Ngazi ya tatu: Sipi mchana, Tutum usiku

Sipi iko kwa Wasebei, Kapchorwa, na siku hizi lami inapita mpaka huko. Maporomoko ni matatu. La chini ndilo refu, karibu mita 100. Kuyazunguka yote matatu kwa miguu ni kazi ya nusu siku ya taratibu, kupitia mashamba ya kahawa na migomba. Njia nyingi zinapita kwenye ardhi ya watu, hivyo utatozwa hela ndogo ndogo. Patana na kiongozi wako kabla ya kuondoka kama bei yake imezijumuisha. Mkikubaliana mapema hamtagombana mbele ya maji.

Kaa mpaka jua litue. Ukisimama kwenye ukingo juu ya poromoko kubwa, ardhi inakatika ghafla na tambarare inalala chini yako, Mlima Kadam upande wa kaskazini na bonde la Kyoga likipotelea magharibi. Nimeona mandhari nyingi Uganda. Hapo ndipo ninapopenda zaidi. Asubuhi yake utawaona vijana wanakimbia barabarani kwenye baridi, wengine bila viatu. Joshua Cheptegei ametoka kwenye vilima hivi. Mwaka 2020 alivunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000. Mwili unaokulia kwenye hewa nyembamba unajifunza kuitumia. Wako hautapata miaka hiyo, ila unaweza kupata usiku mmoja au miwili, na ndiyo sababu ya kuja huku.

Kutoka Sipi nenda Kapkwai, kituo cha msitu cha hifadhi, kama mita 2,000. Hapo unalipia, unapewa askari wa hifadhi, na unatembea mpaka pango la Tutum ukalale. Kwa mara ya kwanza utalala mlimani, na usiku huo utapima kila kitu ulichonunua.

Baridi ndiyo inayowashangaza watu wa tambarare. Kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kwa nyuzi sita hivi. Mbale ikiwa na nyuzi 28 mchana, Wagagai wakati huo huo ina nane au tisa, bila kuhesabu upepo, na usiku maji yanaganda kwenye chupa. Kwa hiyo Tutum ijaribu hivi: valia nguo zako zote, ingia kwenye begi la kulalia, uone kama unapata usingizi. Kama hukupata, bado kuna wakati wa kuazima blanketi la pili. Usivae pamba karibu na mwili. Pamba ikilowa jasho haikauki, inakunyonya joto usiku kucha. Sweta za sufu na jaketi za nailoni zinapatikana kwenye mitumba ya Mbale kwa bei ya kawaida, na ni nzuri kuliko nyingi mpya. Nguo za kulalia ziwe kavu daima, zimefungwa ndani ya kavera (mifuko ya plastiki) mbili, na usizivae kutembea hata asubuhi ikiwa mbaya vipi. Hilo ndilo jambo ambalo wageni wangu wananibishia zaidi, na ndilo wanalonishukuru baadaye.

Chakula nacho kijaribiwe huku. Juu hamu ya kula inaondoka, basi beba unachokipenda, siyo unachoambiwa kina nguvu. Mimi nabeba chapati, njugu za kukaanga, tende, sukari guru, chumvi, majani ya chai na unga wa posho, yaani ugali, kwa ajili ya jioni. Ukipita kwa Wagisu kabla ya safari nunua malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Ni mepesi kama karatasi begini, na yakichemshwa na njugu za kusaga yanashibisha kambi nzima. Maji ya vijito chemsha au tia vidonge, hata yakionekana safi. Ng'ombe wanalisha juu.

Tochi ya kichwa ni lazima, pamoja na betri za akiba. Simu ilale nayo ndani ya begi la kulalia, kwa kuwa baridi inaua chaji.

Ngazi ya nne: Wagagai

Kuna njia kadhaa. Njia iitwayo Sasa inaanzia Budadiri, wilaya ya Sironko, nayo ndiyo fupi na kali. Ya Piswa inaanzia Kapkwata, upande wa Wasebei. Ni ndefu na pole, na mwili unapata nafasi ya kuzoea. Ya Sipi inaanzia Kapkwai na kupitia Tutum. Ukiwa na siku sita, ningekushauri upande kwa Piswa na ushukie Sasa. Wengi wana siku nne, kwa hiyo nitaeleza Sasa kwa kirefu.

Lipia kwenye ofisi ya UWA Mbale au kituo cha Budadiri. Beba kitambulisho cha taifa, maana viwango vinatofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki, wageni wakazi na wageni wasio wakazi, na bila kitambulisho huwezi kuthibitisha kundi lako. Dai risiti. Askari wa hifadhi ni wa lazima. Mpagazi si wa lazima, lakini mchukue. Patana naye mzigo, siku, na nani anamlisha, mbele ya mtu wa ofisi, na hakikisha ana blanketi na koti la mvua kabla hamjaondoka. Nimewahi kuona kundi limelala kwenye mahema mazuri huku mpagazi wao akitetemeka kwenye mdomo wa pango na shuka moja. Hilo lilikuwa kosa la aliyemwajiri.

Siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Budadiri iko mita 1,250, kambi ya Mto Sasa iko 2,900. Unapanda mita 1,650 kwa siku moja: kwanza mashamba ya kahawa na migomba, halafu ukuta wa Mudangi ambako kuna ngazi, kisha msitu, kisha mianzi. Gari au boda inaweza kukupunguzia sehemu ya mwanzo ya barabara ya vijijini, na usione aibu kuichukua. Ondokeni saa moja asubuhi. Kwenye mianzi mtaingia ukungu. Hapo vaa koti, siyo kwa ajili ya mvua bali kwa ajili ya jasho linalopoa.

Siku ya pili ni fupi, saa nne hivi, kutoka Mto Sasa hadi kambi ya pango la Mude, mita 3,500. Miti inaisha. Mnaingia nyika ya manyasi na yale mimea ya ajabu, senesio zenye shina nene kama mtu aliyevaa majani makavu, na lobelia zinazosimama kama mishumaa. Usilale mchana ukifika. Kunywa chai, pumzika saa moja, halafu tembea taratibu mpaka juu kidogo ya kambi, kama mita 200, urudi kulala chini. Mwili uliopanda juu ukalala chini unaamka mwepesi.

Kama kuna hata mmoja anayeumwa kichwa jioni hiyo, kaeni Mude usiku wa pili. Ukiwa juu ya mita 3,000 haifai kuongeza zaidi ya mita 500 hivi kati ya malazi ya usiku mmoja na mwingine, na Sasa tayari imevunja kanuni hiyo kidogo. Nawashauri watu waombe siku tano badala ya nne tangu Budadiri. Siku ya ziada inagharimu pesa. Safari iliyokatizwa inagharimu zaidi.

Siku ya tatu, amkeni saa tisa usiku, chai na kitu kitamu, ondokeni saa kumi na tochi. Kutoka Mude hadi Wagagai ni saa nne au tano. Mtapita dimbwi la Jackson, mahali pazuri pa kupumzika kwenye mwanga wa kwanza. Hapa mwendo unakuwa wa kobe. Kwenye kilele hewa inakupa oksijeni kama asilimia 60 ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo hatua mbili, pumzi moja, na hakuna anayemwambia mwenzake "haraka". Anayetembea polepole kuliko wote ndiye anayetangulia, na wengine wanamfuata. Nimeongoza hivyo miaka yote.

Juu, kama mawingu yamewapa nafasi, mnaona kasoko: shimo la volkano lenye upana wa kama kilomita nane, kuta zake zikiwa na vilele pande zote, Sudek kwenye mpaka, Koitoboss ng'ambo ya Kenya, na mto Suam ukitokea humo humo kupitia korongo lake kwenda mashariki. Mara ya kwanza nilipofika nilidhani nitashangilia. Nilikaa chini tu, nikaitazama nchi mbili. Piga picha, kula, vaa koti zito kabla hujapoa, na mshuke kabla ya saa nne na nusu. Usiku wa tatu mnalala Mude, au mkiwa na nguvu, Mto Sasa.

Dalili zinazomgeuza mtu

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za kawaida za ugonjwa wa mwinuko. Mtu abaki alipo, anywe maji, asipande mpaka ziishe. Zikizidi, ashuke.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi. Mtu anahema akiwa amekaa, au anakohoa na kifua kinatoa sauti ya maji. Au anayumba kama mlevi: mwambie atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya vidole, na kama hawezi, au kama anaongea maneno yasiyoeleweka, mshushe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mita 500 hadi 1,000 za kushuka zinaweza kumwokoa kuliko dawa yoyote uliyonayo. Asishuke peke yake. Kuna dawa ya asetazolamidi inayosaidia mwili kuzoea, lakini uulize daktari mapema, siyo rafiki, hasa kama una mzio wa dawa za salfa au unameza dawa nyingine.

Safari moja rafiki yangu, mwenye nguvu kuliko sisi sote, alianza kujikwaa juu kidogo ya Mude. Alikasirika nilipomwambia tugeuke, akaniambia nimemwonea wivu. Tulipofika kambi ya Mto Sasa alikuwa anacheka na anaomba posho. Kilele tulikipata mwaka uliofuata, pamoja.

Kabla ya kuondoka mwachie mtu wa nyumbani karatasi: njia gani, kambi zipi, siku gani mnarudi, na saa ngapi aanze kupiga simu ofisini. Mtandao unakuja na kuondoka migongoni, na mabondeni haupo.

Watu mtakaowakuta juu

Kwenye nyika, hasa upande wa Piswa, mtakutana na wafugaji. Wengi ni Wabenet, ambao babu zao waliishi kwenye nyika na msitu huo kabla haujaitwa hifadhi. Wameondolewa zaidi ya mara moja tangu mwaka 1983, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ilikubali kuwa wao ni wenyeji wa kihistoria wa eneo hilo. Suala lao la ardhi halijawapa utulivu. Kwa hiyo msimpige picha mchungaji wala ng'ombe wake bila kuuliza. Picha yako ya kumbukumbu inaweza kuwa ushahidi dhidi yake. Salimieni, gaweni sukari au chumvi kama mnayo, endeleeni.

Moto uwashwe kambini tu. Manyasi ya juu yanashika haraka na senesio inachukua miaka mingi kurudi. Kavera, betri na karatasi za biskuti zote zirudi Budadiri.

Kama uko upande wa magharibi

Ngazi hizi unaweza kuzipanga kwenu pia. Aliyeko Kisoro ana Muhabura, mita 4,127, inayopandwa na kushukwa kwa siku moja ndefu, na Sabinyo yenye ngazi za mbao, ambako Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana kileleni. Aanzie kwenye vilima vinavyotazama ziwa Mutanda. Wa Kasese wana Rwenzori juu yao, lakini Margherita, mita 5,109, ina barafu na inataka kamba, meno ya chuma ya kufunga viatuni na mwalimu. Hiyo ni baada ya Wagagai, siyo badala yake.

Siku ya kurudi

Kushuka kutoka Mude mpaka Budadiri ni zaidi ya mita 2,200. Funga kamba za buti kwa nguvu juu ya kifundo, tumia fimbo mbili, na ukunje magoti kidogo kila hatua. Kwenye mianzi iliyolowa shuka kiubavu. Ukifika Budadiri mlipe mpagazi pesa yake yote kabla hujaketi kula, mbele ya mtu yule yule mliyepatana mbele yake, na bakshishi umpe mkononi mwenyewe. Kama una glavu au sweta usizozihitaji tena, muulize kama anazitaka. Yeye anarudi juu Jumatatu. Halafu vua buti, osha miguu kwa maji ya vuguvugu, na uagize matoke.